Dakika 26 mbele ya kisanduku cha “Mimi si roboti”

Mama yangu ana miaka 71. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka 33, na tangu astaafu analipwa pensheni kila mwezi. Mara moja kwa mwaka mfuko unaomlipa humtaka athibitishe kuwa bado yu hai. Zamani alikwenda mwenyewe hadi dirishani, kitambulisho mkononi. Siku hizi anajaza fomu kwa simu. Fomu haina mengi: namba ya uanachama, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, kisha unatumiwa meseji yenye msimbo, unauandika, umemaliza. Siku 30 zikipita bila kuijaza, malipo yanasimamishwa mpaka mhusika afike ofisini.

Kati ya namba ya simu na ile meseji kuna kisanduku kidogo chenye maneno “Mimi si roboti”, cha kuzuia programu za kompyuta zinazojaza fomu zikijifanya watu. Kisa hiki chote kiko hapo.

Nilipata habari siku ya 27. Mama alikuwa amejaribu peke yake jioni tatu bila kumwambia mtu. Nilipomuuliza mbona hakusema mapema, akanijibu taratibu, “Nimeshindwa mtihani, mwanangu.” Alisema kama mtu anayekiri kosa, na kauli hiyo iliniuma. Mimi kazi yangu ni kutengeneza fomu za aina hii hii. Kisanduku hicho nimekiweka kwenye fomu za watu zaidi ya mara moja, kwa dakika chache, nikaendelea na shughuli nyingine. Jioni iliyofuata nilikwenda kukaa naye nikiwa na saa na daftari. Tulikubaliana nisimsaidie chochote, niandike tu kinachotokea. Ninayoyaeleza hapa nayaeleza kwa ruhusa yake. Jina la mfuko nimeliacha, na jaribio lenyewe silitaji ni la kampuni gani. Yapo ya kampuni kadhaa na yanafanana.

Kwanza, hali ya macho yake. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kushoto linasubiri zamu. Maandishi anayasoma vizuri akiyakuza. Kinachomshinda ni vitu vyenye rangi zinazokaribiana: kitu cha kijivu mbele ya ukuta wa kijivu, kwake ni ukungu mtupu.

Sehemu tatu za fomu alizijaza kwa dakika 4, bila kosa hata moja. Akagusa kisanduku. Duara likazunguka kidogo, na pale nilipotegemea kuona tiki ya kijani zikafunguka picha 9, juu yake agizo: chagua zote zenye bomba la kuzimia moto. Mama akaanza kutafuta mpira mrefu, ule unaoviringishwa kwenye gari la zimamoto. Hakuuona kwenye picha yoyote. Kilichotakiwa ni kile kichuma kifupi kinachosimama pembeni mwa njia ya miguu, kitu cha kawaida sana kwenye mitaa ya miji ya Marekani. Yeye hajawahi kukutana nacho barabarani. Maneno ya agizo yalikuwa ya Kiswahili na kila neno analijua, lakini kitu kilichosemwa hakimo katika maisha yake. Akabofya picha mbili kwa kubahatisha. Akakataliwa.

Ikaja picha moja kubwa iliyokatwa miraba 16: onyesha miraba yote yenye taa za kuongozea magari. Taa aliziona. Akanigeukia, akasahau makubaliano yetu, akauliza, “Nguzo nayo ni taa?” Kulikuwa na mraba mmoja wenye nguzo tupu, na mwingine ambamo ukingo wa taa umeingia kidogo sana, labda upana wa uzi. Sikumjibu, na kwa kweli sikuwa na jibu. Hata mimi pale huwa nakisia. Akakataliwa tena.

Zamu ya tatu ilikuwa ya picha zinazofifia: ukigusa moja inayeyuka polepole, nyingine inajitokeza mahali pake, na unatakiwa uendelee mpaka isibaki yenye pikipiki. Mtandao ulikuwa mzito. Picha mpya ilichukua sekunde kadhaa kutokea, na Mama, alipoona nafasi nyeupe, alidhani amemaliza akabofya kuthibitisha. Mara mbili hivyo hivyo.

Hapo akagundua alama ya vipokea sauti pembeni, akafurahi. Masikio yake ni mazima kabisa. Sauti ikaja: mtu anasema maneno ya Kiingereza kwa haraka, nyuma yake kelele kama redio isiyoshika stesheni. Kiingereza Mama anakijua, alikifundisha. Akarudia mara nne, akapata maneno mawili ya mwisho, la kwanza likampotea. Alipokuwa akijiandaa kurudia mara ya tano ukurasa ukajifunga wenyewe: muda umekwisha. Fomu ikarudi tupu, hata namba yake ya uanachama imefutika.

Saa yangu ilisema dakika 26.

Sasa niseme alichosema yeye, kwa sababu katika yote niliyoandika kwenye daftari hilo ndilo lililobaki kichwani mwangu. Mama ametunga mitihani na kuisahihisha karibu maisha yake yote ya kazi. Akaiweka simu mezani, akasema: “Mwanafunzi akikosea, nilikuwa naweka alama nyekundu pale pale alipokosea. Huyu haniambii nimekosa wapi. Ananipa mtihani mwingine tu.”

Ni kweli, na imefanywa makusudi. Jaribio likikuonyesha mraba ulioukosa, litakuwa linamfundisha roboti pia. Akirudia mara elfu kumi atajua majibu yote. Kwa hiyo linanyamaza. Kwa roboti ukimya huo hauna uchungu wowote. Binadamu anayenyimwa maelezo hujitafutia maelezo yake, na aliye mzee, anayejua macho yake yamepungua, hujilaumu. Jioni tatu Mama aliamini kasoro ni yake. Madhara ya namna hiyo hayaonekani kwenye ripoti yoyote ya mwenye fomu. Pale inaandikwa tu kwamba kuna mtu alifungua ukurasa akaondoka.

Kwa nini lakini alipelekwa kwenye picha tangu mwanzo? Wengi wetu tukigusa kile kisanduku tunapita bila kuulizwa kitu. Kugusa kwenyewe si jaribio. Kazi inafanyika nyuma ya pazia: mfumo unaangalia vidakuzi, yaani vijifaili vya kumbukumbu ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari chako (programu unayofungulia kurasa), anwani ya mtandao unayotokea na namna unavyotumia ukurasa, kisha unaamua kama unafanana na mtu wa kawaida. Anayefanana anapita. Asiyefanana anapewa picha, na pengine picha ngumu zaidi. Alama ambayo mfumo ulimpa Mama sikuiona, ila vitu viwili najua vilimpunguzia. Simu yake inatumia mtandao ambao wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja, kwa hiyo mmoja wao akifanya uchafu, wote wananuka. La pili nililifanya mimi. Miezi michache nyuma, nikihofia matapeli wa mtandaoni, niliipanga simu yake ifute vidakuzi kila anapofunga kivinjari. Kila jioni aliingia kama mgeni aliyezaliwa siku hiyo hiyo. Nilimkinga, na kinga yenyewe ikamfanya atiliwe shaka.

Jaribio hili Waswahili wa kompyuta wanaliita kapcha. Jina limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya jaribio la Turing, linaloendeshwa na mashine, la kutenganisha kompyuta na binadamu. Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, mwaka 1950 alipendekeza mchezo ambao binadamu anahoji bila kuona na kuamua kama anayemjibu ni mtu au mashine. Kapcha imegeuza viti: mashine ndiyo inayohoji, binadamu ndiye anayejitetea. Mwaka 1997 mtambo wa utafutaji wa AltaVista ulikuwa unatumia herufi zilizopindwa ili kuzuia programu zilizokuwa zikiujaza anwani za takataka. Mwaka 2000 Luis von Ahn, Manuel Blum, Nicholas Hopper na John Langford wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakaupa utaratibu huo jina na nadharia yake, wakati Yahoo ikisumbuliwa na roboti zilizokuwa zinafungua akaunti za barua pepe bila kikomo.

Kuna jambo katika makala yao ya 2003 ambalo wengi tunaoweka visanduku hivi hatulikumbuki. Walisema wazi kwamba jaribio linasimama juu ya tatizo ambalo kompyuta bado haijaliweza, na kwamba siku likivunjwa itakuwa habari njema, kwani akili bandia itakuwa imepiga hatua. Maana yake walijua kufuli lao lina tarehe ya kuisha.

Tarehe hiyo imeshapita. Mwaka 2014 Google ilitangaza kuwa programu yake inasoma herufi zilizopindwa zilizo ngumu kuliko zote kwa usahihi wa asilimia 99.8, na mwaka huo huo ikaleta kisanduku cha kutia tiki. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapa watu 1,400 majaribio 14,000 ya aina mbalimbali, wakalinganisha na kazi ya roboti zilizokwisha kuripotiwa. Kwenye herufi zilizopindwa, watu walitumia sekunde 9 hadi 15 na kupata kati ya asilimia 50 na 84. Roboti zilimaliza chini ya sekunde moja, zikipata asilimia 99.8. Mwaka 2024 watafiti wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, walionyesha kuwa hata picha za taa na pikipiki zinaweza kutatuliwa zote, asilimia 100, kwa programu ya kutambua vitu ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua.

Tapeli asiyejua kutengeneza programu hana haja ya kuhangaika. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza biashara ya watu wanaolipwa kutatua kapcha siku nzima. Majaribio 1,000 yaliweza kununuliwa kwa nusu dola. Roboti inapiga picha ya swali, inamtumia kibarua, kibarua anajibu, roboti inapita.

Kuhusu sauti iliyompa Mama matumaini, ushahidi ni wa zamani na ni mbaya. Mwaka 2009 watafiti Jeffrey Bigham na Anna Cavender waliwapima watu wasioona kwenye majaribio ya sauti, wakafaulu asilimia 43 tu walipojaribu mara ya kwanza. Wanaoona hawakufanya vizuri zaidi: 39. Mwaka uliofuata, utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliwasikilizisha watu watatu watatu sauti ile ile, na wote watatu wakakubaliana jibu mara 31.2 katika kila 100. Utafiti huo huo uliona kuwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza huchukua muda mrefu zaidi. Niliposoma hayo nilimsomea Mama. Alinyamaza kidogo, akauliza, “Kwa hiyo na wengine wanashindwa?” Nikamwambia ndiyo, Mama, wengi. Nadhani ndilo jambo la maana kuliko yote niliyomfanyia katika kisa hiki.

Ile jioni iliishaje? Ilikuwa siku ya 28. Akajaza fomu upya, akafika kwenye picha, akanikabidhi simu: “Fanya wewe.” Nikashindwa ya kwanza, ya pili nikapita. Meseji ikaingia, akauandika msimbo mwenyewe, ikatokea shukrani. Kumbukumbu za mfuko zinaonyesha kuwa mwanachama huyo amethibitishwa kuwa binadamu. Aliyethibitishwa ni mimi. Nilifanya kazi ile ile ya yule kibarua wa nusu dola: nilitatua swali kwa niaba ya mwingine na mfumo haukujua. Mzee mwenye mtoto karibu atapita kwa njia hiyo, na asiye na mtu ataanza safari ya ofisini.

Nilimwandikia mfuko, nikaeleza kwa utulivu, nikaambatanisha daftari langu. Nilitarajia ukimya. Baada ya siku chache fundi wao akanipigia simu, na maelezo yake yalinibadilisha mawazo kwa sehemu. Mimi nilikuwa naona kisanduku hakina kazi yoyote: fomu ina namba ya uanachama, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa meseji, roboti angeingia apate nini? Fundi akasema, “Hawaji kuchukua kitu kwenye fomu. Wanakuja kwa ajili ya meseji.”

Kila meseji mfuko unailipia. Kabla ya kisanduku, roboti iliwahi kukaa kwenye fomu usiku kucha ikiingiza namba za simu za nchi za mbali, moja baada ya nyingine, na mfumo ukawa unatuma msimbo kwa kila namba. Utapeli huu unafahamika: mkosaji anapatana na kampuni ya simu isiyo na maadili kule meseji zinakofikia, wanagawana malipo ya kuzipokea. Mwenye fomu anabaki na bili. Asubuhi ile fundi aliambiwa azibe tundu kabla ya usiku kuingia, akaziba kwa kitu kilichokuwa karibu. Namwelewa, maana ningefanya vivyo hivyo.

Basi tukakaa kwenye simu karibu saa nzima tukilitazama tundu lenyewe. Mfuko una daftari la wanachama, na humo kila mwanachama ana namba yake ya simu. Swali ni moja: kwa nini fomu inakubali kutuma meseji kwa namba ambayo haimo humo? Ikitafuta kwanza namba ya uanachama na tarehe ya kuzaliwa, kisha ikatuma msimbo kwa namba iliyosajiliwa peke yake, ule utapeli unakufa. Roboti haiwezi tena kuchagua meseji iende nchi gani.

Fundi alikuwa na pingamizi, na lilikuwa zuri. Fomu ikijibu “huyu si mwanachama”, mtu mbaya ataitumia kuchunguza nani ni mwanachama na nani siye. Tukakubaliana jibu liwe moja kwa wote: kama taarifa ulizotoa ni sahihi, utapata meseji. Vilevile meseji zisizidi tatu kwa siku kwa mwanachama mmoja, na maombi yanayofumuka ghafla kutoka anwani moja yapunguzwe kasi. Tuliongeza sehemu moja ya fomu iliyofichwa, ambayo binadamu haioni wala kisoma skrini (programu inayowasomea wasioona) hakiisomi, ila roboti za ovyo huijaza na kujifichua. Haizuii roboti mahiri, lakini haimgharimu mtumiaji chochote. Kwa aliyebadilisha namba ya simu, njia ni kupiga simu ofisini azungumze na mtu.

Kuhusu muda, nilikuwa mkali zaidi. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka mtumiaji aonywe kabla muda haujaisha na aweze kuuongeza kwa kitendo rahisi. Shirika hilo hilo limekuwa likieleza tangu 2005 jinsi kapcha zinavyowafungia nje watu wenye ulemavu. Fomu ya wastaafu inayojifuta bila onyo inakosa heshima, hata kama ingekuwa haina kapcha kabisa. Fundi hakubishana. Alisema ule muda haukuwekwa na mtu. Ulikuja hivyo na programu na hakuna aliyewahi kuugusa.

Wiki sita baadaye aliniandikia. Meseji sasa zinakwenda kwa namba zilizosajiliwa pekee, na muda umeongezwa, pamoja na kitufe cha kuomba zaidi. Kisanduku hawakukiondoa. Kinatokea kwa anayeomba msimbo zaidi ya mara tatu kwa siku. Ningependa kiondoke kabisa, maana mtu wa kwanza kuomba mara nne atakuwa mzee ambaye meseji yake imechelewa, na hilo nimemjibu. Bado tunaandikiana. Kwa upande wangu nimerudi kwenye fomu saba nilizowahi kuziwekea kisanduku, na kwa kila moja namuuliza mwenye fomu swali ambalo sikumuuliza mwanzoni: unaogopa roboti achukue nini hapa? Watatu mpaka sasa hawakuwa na jibu, na kwao nimekiondoa.

Jicho la kushoto la Mama limepangiwa upasuaji kabla mwaka haujaisha. Fomu ijayo inafunguliwa miezi miwili baada ya hapo. Nimeiandika tarehe kwenye kalenda yake ya ukutani, na tumekubaliana kuwa jioni hiyo nitakuja tena na saa na daftari, nikae upande wa pili wa meza, simu ibaki mkononi mwake.